Chaji Azika Boksi

Jeneza lenyewe lilikuwa katoni la friji. Chaji alilikata kwa mkasi wa dada yake, ule mkasi wa kitambaa ambao mtu mwingine akiugusa mtaa mzima utajua, kisha akalipaka rangi nyeusi. Pande tatu zilitoka vizuri. Upande wa nne rangi ikaisha, kwa hiyo jeneza lilikwenda mazikoni likiwa bado limeandikwa WEKA WIMA.

Marehemu alikuwa Boksi. Boksi ni ile mashine ya gemu unayochomeka kwenye tivii, ukishika pedi mkononi unasahau hata kuoga. Inatengenezwa na Kampuni. Kampuni yenyewe ina jengo la vioo katikati ya mji, na mlango unaojifungua wenyewe ukikuona. Ukitaka gemu yako ichezwe kwenye Boksi, lazima Kampuni ikupitishe. Na Kampuni ilikuwa imemkataa Chaji mara tatu. Si mara moja, jamani. Tatu!

Chaji ndilo jina alilopewa na watu, kwa sababu akiingia nyumba yoyote, kabla hata salamu haijaitikiwa, anauliza soketi iko wapi. Alikuwa na miaka ishirini na nne, na utengenezaji wa gemu alijifundisha mwenyewe kwa kutazama video, zingine za lugha asizozielewa. Miaka miwili alikaa kwenye chumba cha nyuma cha duka la dada yake fundi cherehani, katikati ya mabaki ya vitambaa na sanamu la kupimia nguo lisilo na kichwa, akitengeneza gemu moja tu: *Bibi na Mbuzi Mwizi*. Hatua kumi. Bibi anamkimbiza mbuzi aliyemwibia meno ya bandia. Ni kisa cha kweli kabisa. Mbuzi wa jirani aliwahi kuingiza kichwa dirishani, akanyakua meno ya Bibi kutoka kwenye glasi na kuondoka nayo, akitabasamu kuliko mwenye meno.

Sasa, Kampuni hufungua mlango kwa watengenezaji wapya mara moja kwa mwaka, kwa miezi mitatu, ukikataliwa unatuma tena, na mwaka huo mlango ulikuwa unafungwa Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Na dada naye alikuwa amesema lake.

"Ijumaa," alimwambia Jumapili, pini tatu mdomoni. "Ukipita, chumba chako, kaa mpaka uzeeke. Usipopita, Jumatatu uko dukani kwa mjomba."

"Dada, mimi nipime misumari?"

"Misumari ina ubaya gani? Msumari ukiupigilia unakaa. Wewe nimekupigilia miaka miwili, hujakaa popote."

Mjomba alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi na alishakubali. Dada akashona aproni kabisa, ya kijani, mfuko mkubwa mbele wa kuwekea misumari, akalivalisha lile sanamu lisilo na kichwa. Kila Chaji akiinua macho kutoka kwenye laptopu, aproni inamtazama. Haina macho, lakini inamtazama!

Kwa hiyo Jumatatu, saa tatu asubuhi, Chaji akamzika Boksi mbele ya jengo la Kampuni. Aliweka simu kwenye kijiti, akaenda laivu, na akamleta Bibi avae nguo nyeusi na kushika leso. Kosa lake ni kwamba hakumweleza Bibi vizuri. Bibi alipoona jeneza, aliangua kilio cha kweli. Kwake jeneza ni jeneza.

"Jamaniii! Umetuacha na nani!"

Watu wakaanza kusimama. Mlinzi wa mlangoni, mtu mzima mwenye tumbo la heshima, akavua kofia. "Poleni sana, mama. Marehemu ni nani?"

Bibi akamgeukia Chaji, machozi yakimtiririka. "Kwani tunamlilia nani?"

"Boksi, Bibi."

"Alikuwa mtu mzuri?"

"Hapana, Bibi. Alikuwa na roho mbaya sana."

Bibi akafikiri kidogo, akajifuta pua. "Basi tulie kidogo tu, twende nyumbani."

Lakini mlinzi alishaguswa. Alishika upande mmoja wa jeneza asaidie, akasoma maandishi, na kwa kuwa yeye ni mtu wa kufuata maagizo, akasema, "Limeandikwa liwekwe wima, bwana." Akaliweka wima, akaliegemeza mlangoni. Ule mlango unaojifungua wenyewe ukaliona jeneza, ukafunguka. Jeneza likaangukia ndani. Mlango ukajifunga, ukalibana, ukafunguka, ukalibana tena. Dakika nne nzima mlango ulitafuna jeneza mbele ya kamera, mlinzi akiupigia kelele "Tema! Tema!" Klipu ilitazamwa mara elfu arobaini kabla ya jua kuzama.

Na Kampuni? Kimya. Ila Chaji, akirudia klipu kwa mara ya kumi na saba, aliona kitu: ghorofa ya nne, mwanamke amesogeza pazia, ameshika kikombe, anamtazama Bibi tu, hana habari na jeneza.

"Ndiye huyo," Chaji akasema. "Huyo ndiye Mama Vigezo!"

Mama Vigezo alikuwa mkaguzi wa gemu. Barua zote tatu za kukataliwa zilikuwa na saini yake, na zote zilianza hivi: *Tunasikitika kukujulisha kwamba gemu yako haijakidhi vigezo.* Chaji akifika kwenye "haijakidhi" damu inampanda, anaifunga barua, anaanza kutembea chumbani akigongana na sanamu. Jina hilo la Mama Vigezo alimpa yeye, akalisambaza mtandaoni, likashika kama gundi.

"Hawachezi gemu zetu!" aliwaambia wafuasi wake. "Wanaangalia jina lako, wanaangalia mtaa wako, wanabonyeza KATAA, wanakunywa chai!"

Jumatano akaja na mgomo wa kula. Alikaa kwenye ngazi za Kampuni na bango SILI MPAKA BOKSI LIFUNGUKE, mashavu ameyavuta ndani, sauti ameidhoofisha. Watu elfu tatu walikuwa laivu. Wengine walianza kulia kwenye komenti. Ilipofika saa sita kasorobo, akatokea dada na bakuli lenye mfuniko, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Wewe! Umeacha chakula mezani, nzi wanakipigania!"

"Dada..." Chaji alinong'ona bila kutikisa midomo. "Niko kwenye mgomo."

"Mgomo wa nini? Asubuhi si umekula mayai matatu? Matatu! Nikabaki na moja mimi mwenye cherehani!"

Simu iko pale pale, inachukua kila kitu. Komenti zikateremka kama mchanga kutoka kwenye lori: *Mayai matatu! Mayai matatu!* Mpaka jioni hakuna aliyemwita Chaji tena. Alikuwa Mayai Matatu. Kuna mtu alitengeneza picha yake akiwa na kichwa cha yai.

Mtu mwingine angejifungia. Chaji, Alhamisi asubuhi, aliiangalia aproni, aproni ikamwangalia, akachukua simu na kwenda laivu akiwa na hasira ambayo hajaipanga.

"Sawa! Nichekeni! Lakini nasema hivi. Hao watu hawajawahi kuicheza gemu yangu hata siku moja. Kesho saa nne asubuhi, Bibi yangu mwenyewe, miaka sabini na sita, ataicheza mlangoni kwao, hatua ya kwanza mpaka ya kumi. Bibi akimaliza, wao wana kisingizio gani?"

Dakika ishirini baadaye, kwa mara ya kwanza, Kampuni ikajibu. Komenti moja, haina hata alama ya mshangao: *Karibuni ndani. Tuna tivii kubwa. Msilete jeneza.*

Chaji aliruka mpaka akagonga kichwa kwenye fremu ya mlango.

Ijumaa hiyo wakaingia: Chaji, Bibi aliyevaa gauni jipya, dada aliyefunga duka kwa saa moja tu "nione mwisho wa sinema", na mlinzi aliyewasindikiza akiwa anautazama mlango kwa jicho baya. Ukumbi wa mapokezi ulikuwa na viti laini, tivii ya ukubwa wa godoro, na wafanyakazi kama kumi waliokuja kuona yule wa mayai. Simu ya Chaji juu ya kijiti. Laivu, watu elfu tisa.

Kisha Mama Vigezo akashuka.

Chaji alikuwa amejiandaa kuona fisi. Akaona mwanamke mfupi wa makamo, sweta ya kufuma, miwani yenye kamba, ndala miguuni kazini, na plasta kwenye kidole gumba cha kulia. Alimpita Chaji kama nguzo, akaenda moja kwa moja kwa Bibi, akampa mikono miwili.

"Shikamoo, mama. Ni wewe mwenyewe? Yule wa kwenye gemu?"

"Marahaba, mwanangu. Ni mimi. Ila kule ananikimbiza sana, hapa nina goti."

"Nalijua hilo goti," Mama Vigezo akasema. "Hatua ya nne, ukiruka mtaro, unalishika."

Chaji akashtuka kidogo. Amelijuaje hilo? Lakini pedi ilishafika mkononi mwa Bibi, na gemu ikaanza.

Bibi alicheza vizuri, jamani, usimdharau! Jioni nyingi alikuwa akiicheza. Nyumbani hufika hatua ya sita akasinzia, lakini hapa, watu wakimtazama, usingizi hata haukubisha hodi. Alimfukuza mbuzi sokoni, akamfukuza kwenye kamba za nguo, akaruka mtaro na kushika goti kwenye tivii na nje ya tivii kwa wakati mmoja. Komenti ziliwaka moto. Saa sita na robo akaingia hatua ya saba.

Hatua ya saba ni nyumba. Mbuzi amejificha uani, na geti limefungwa. Bibi wa kwenye tivii alifika getini, akalisukuma. Halikufunguka. Akazunguka nyumba. Akarudi. Akazunguka tena.

"Tafuta ufunguo, Bibi," Chaji akamwambia.

"Uko wapi?"

Chaji akafungua mdomo ajibu, na mdomo ukabaki hivyo hivyo. Ufunguo uko wapi? Aliijenga hatua ya saba mwaka uliopita. Ilikuwa ndefu, na yeye alikuwa na haraka ya kuendelea na ya nane, kwa hiyo alijiwekea njia ya mkato: ukibonyeza herufi Q kwenye laptopu, unarushwa moja kwa moja hatua ya nane. Toka siku hiyo, kila akijaribu gemu yake, akifika pale kidole kinakwenda chenyewe kwenye Q, kama mtu anayejikuna. Mwaka mzima. Yeye mwenyewe, mwenye gemu, hajawahi kupita kwenye lile geti kwa miguu.

Na pedi ya Boksi haina Q.

Bibi akamsogeza bibi mwenzake mpaka dirishani. Kitu kikang'aa ndani, juu ya meza.

"Ufunguo ule pale," Bibi akasema.

"Ndiyo, Bibi."

"Uko ndani."

"...Ndiyo."

"Na mlango umefungwa."

Jasho la Chaji lilikuwa limeanza safari kutoka shingoni.

Bibi akaweka pedi mapajani, akamgeukia taratibu. "Mjukuu wangu, mimi shule sikwenda. Lakini hii nyumba nani kaijenga? Ufunguo ndani, mlango umefungwa, mbuzi peke yake ndiye ana maisha mazuri humu."

Ukumbi mzima ukapasuka kwa kicheko. Dada alijiziba uso kwa futi. Mama Vigezo hakucheka. Alikaa kando ya Chaji, akafungua faili, akatoa barua tatu, kila moja kurasa tatu zimebanwa pini. Alifunua ukurasa wa pili. Palikuwa na mchoro wa kalamu, umechorwa kwa subira: nyumba, meza, ufunguo, geti, na mshale mwekundu. Chini yake: *Tafadhali toa ufunguo nje. Gemu ni nzuri sana. Itume tena.*

"Nilikuandikia," alisema polepole. "Mara tatu. Ulisoma?"

Hapo sasa! Simu inarekodi, watu elfu kumi na moja wako laivu, dada amesimama palepale, na nyumbani aproni inasubiri. Chaji angeweza kusema barua hazikufika. Uongo ulikuja mpaka kwenye ulimi, ukakaa, ukavua viatu. Akaangalia ule mshale mwekundu. Mtu alikuwa ametafuta hata kalamu ya rangi.

"Nilisoma mstari wa kwanza," akasema.

"Mara zote tatu?"

"Mara zote tatu."

"Mayai matatu, mistari mitatu," dada akasema. "Ana hesabu yake huyu."

"Gemu yako nimeicheza mara arobaini na moja," Mama Vigezo akaendelea, akimwonyesha kidole chenye plasta. "Hiki ni cha hatua ya tano. Pale getini nilidhani mimi ndiye mjinga. Nilijaribu kupanda bati. Nilijaribu kumsubiri mbuzi atoke mwenyewe. Ndipo nikagundua ukimwacha dakika mbili bila kumsumbua, anakohoa."

Ule mkohoo Chaji aliuweka kwa ajili yake mwenyewe. Marafiki zake walicheza hatua mbili wakarudi kwenye simu zao. Wafuasi wake elfu kumi na moja walijua jeneza na mayai, gemu hawaijui. Na mtu pekee duniani aliyekaa kumsikiliza mbuzi wake akikohoa ni huyu ambaye Chaji alimtangaza kuwa adui.

"Mama, samahani," akasema.

"Samahani baadaye. Sasa ni saa saba kasoro. Saa kumi na moja mfumo unajifunga, na ukijifunga hata mimi siufungui. Rekebisha, nicheze. Ila lazima nicheze yote mwenyewe, mwanzo mpaka majina ya mwisho."

Chaji akaruka. "Soketi iko wapi?"

Alikaa sakafuni, laptopu miguuni, watu wote wakimwinamia. Ufunguo autoe nje, sawa, lakini auweke wapi? Mfanyakazi mmoja akasema juu ya mti. Mlinzi akasema apewe mlinzi.

"Chini ya ndoo," Bibi akasema, kama anayewaambia jua linachomoza wapi. "Nje, kushoto kwa mlango, chini ya ndoo. Ufunguo wa nyumba yetu umekaa hapo tangu mama yako hajazaliwa. Wewe ulidhani unakaa wapi?"

Akauweka chini ya ndoo. Na Q akaifuta hapohapo. Kazi ya dakika nne! Miaka miwili, jeneza moja, mgomo mmoja, dakika nne. Gemu ikahamishwa kwenye Boksi la ukaguzi, na saa saba na dakika kumi Mama Vigezo akavua ndala, akakunja miguu kwenye kiti, akashika pedi.

Yule mama ni hatari! Alicheza kama anayekatiza uani kwake kwenda kuanua nguo. Wafanyakazi waliacha simu zao zikiita. Dada, aliyesema saa moja tu, alituma mtu alete mayai ya kuchemsha na hakunyanyuka. Saa tisa na nusu, hatua ya saba. Mama Vigezo akasogea getini, akageuka kushoto, akainua ndoo. Ufunguo! Geti likafunguka, ukumbi ukalipuka, mlinzi akamkumbatia mtu asiyemjua. Mama Vigezo alisimamisha gemu, akavua miwani, akaifuta na sweta kwa muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji.

Chaji alikuwa na furaha mpaka njaa ikamshika. Alichukua yai. Hatua ya nane ikapita. Ya tisa ikaanza. Aling'ata yai nusu, akawaza mambo mazuri, akawaza mwisho wa gemu, mbuzi anakamatwa, muziki unaingia, majina ya shukrani yanapanda...

Akaacha kutafuna.

Majina ya shukrani. Siku alipokataliwa mara ya tatu, usiku ule wa hasira, alikuwa ameongeza kitu kwenye majina ya shukrani. Alijiambia, si hawachezi hawa? Basi hawataona.

Akamvuta dada pembeni na kumnong'oneza. Dada alisikiliza mpaka mwisho, akamtazama kama kitambaa kilichokatwa vibaya.

"Misumari hiyo," akasema. "Mimi naisikia kabisa, inakuita jina."

Kubadilisha maana yake Mama Vigezo aanze kucheza upya, na ilikuwa saa kumi kasoro. Chaji akamwendea. "Mama, pumzika kidogo, macho yasiumie."

"Nimebakiza hatua moja."

"Chai je?"

"Sogea, unanizibia mbuzi."

Akamwendea mlinzi. "Kaka, swichi kubwa ya umeme iko wapi? Kwa dakika moja tu."

Mlinzi akamtazama kwa uchungu. "Umeme? Na sasa hivi mbuzi yuko juu ya paa? Bwana, una utu kweli?"

Saa kumi na dakika thelathini na nane, Mama Vigezo akamkamata mbuzi. Meno yakarudi mdomoni, Bibi wa kwenye tivii akatabasamu, na Bibi wa kwenye kiti akatabasamu vilevile, meno yaleyale. Watu wakapiga makofi mpaka vioo vikatetemeka. Kisha maandishi yakaanza kupanda. *Asante dada kwa chumba na mkasi (mkasi sikuomba).* Dada akasema "Nilijua!" *Asante Bibi. Asante mbuzi wa jirani, popote ulipo.* Chaji akafumba macho.

Mama Vigezo akasoma kwa sauti, neno kwa neno, kama anayesoma barua ya mtu mwingine:

"*Na mwisho kabisa, salamu kwa Mama Vigezo. Moyo wa jiwe, macho ya kobe. Gemu hii hutaiona mwisho wake hata ukicheza mpaka uote ndevu.*"

Hata komenti zilisimama, na hilo halijawahi kutokea mtandaoni.

Mama Vigezo akavaa miwani vizuri. Akavuta kitabu cha vigezo, kinene, akalamba kidole, akafunua. Kidole chenye plasta kikaanza kushuka kwenye orodha. Saa ya ukutani ilikuwa saa kumi na dakika arobaini na tano.

"Kigezo cha kumi na tisa," akasema. "Gemu isiwe na matusi."

"Mama, mimi..."

"Ngoja. Jiwe." Akafikiri. "Jiwe si tusi. Jiwe ni jiwe." Kidole kikabaki palepale. "Kobe si tusi pia. Kobe ni mnyama, tena mpole. Ndevu..." Akajigusa kidevuni, akajipapasa huku na huku, hana haraka. "Ndevu bado."

Akageukia kompyuta ya mapokezi, akabonyeza mara moja.

"Imepita."

Jamani! Kelele zilizotoka pale hazisimuliki. Mlinzi alirusha kofia, mlango wa vioo ukaiona, ukafunguka. Dada alikuwa tayari na simu sikioni, anapiga kelele juu ya kelele: "Mjomba! Ile aproni nitaipanua kiunoni, uivae mwenyewe!" Chaji alikaa chini pale pale karibu na soketi, kwa sababu miguu ilikuwa imeisha chaji.

"Ila kuna jambo," Mama Vigezo akasema, watu wakanyamaza. "Kabla haijatoka, pale paliposema sitauona mwisho wake parekebishwe. Nimeuona. Kigezo cha ishirini na mbili, taarifa za uongo."

"Nitaparekebisha leo leo, mama."

"Na swali langu ujibu."

"Swali gani?"

"Ukurasa wa tatu. Chini."

Chaji akaichukua barua. Safari hii aliisoma yote, kuanzia "tunasikitika", akiwa amesimama katikati ya ukumbi huku watu wote wakimsubiri, ukurasa wa kwanza, wa pili wenye mshale, wa tatu, mpaka chini kabisa karibu na saini, ambapo palikuwa na mstari mmoja wa kalamu: *Hili si la kikazi. Yule mbuzi anakohoa kwa nini?*

Akainua kichwa. Ukweli ni kwamba siku ile alihitaji sauti ya mbuzi na mbuzi hakuwepo, akaweka simu ukutani, akarekodi sauti ya kwanza iliyotoka chumba cha pili. Sasa angesemaje hilo mbele ya watu elfu kumi na tano?

Hakupata nafasi ya kusema. Kwenye kiti laini cha mbele, Bibi, ambaye mambo ya barua hayakumhusu, alikuwa amechoka na kelele na vumbi. Akaweka leso mdomoni, akakohoa.

Ulikuwa mkohoo uleule. Mmoja mfupi, mmoja mrefu, na kaguno kadogo mwishoni.

Mama Vigezo alimtazama Bibi. Akamtazama Chaji. Akashika tumbo, akaanza kucheka mpaka miwani ikabaki inaning'inia kwenye kamba, na ukumbi mzima ukageuka kumtazama Bibi.

"Mnanitazama nini?" Bibi akauliza. "Ni vumbi la lile jeneza lenu."